Mita 60 za Mto Songwe: Nani Alipe?

Kuna mito miwili inayoitwa Songwe, na wengi huichanganya. Mmoja humwaga maji Ziwa Rukwa. Mwingine, ambao ndio ninaouzungumzia, unapita Ileje ukiwa mpaka wetu na Malawi, kisha unaingia Ziwa Nyasa kule Kyela. Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi mwaka 1890, mdomo wa mto huu waliuandika kwenye mkataba wao kama alama ya mpaka. Bahati mbaya mto haujui kusoma mikataba. Kule chini ni tambarare. Mafuriko yakija, mto unachepuka na kufungua njia nyingine, na shamba lililokuwa upande huu linajikuta ng'ambo.

Udongo unaojaa kule chini, sehemu yake kubwa hutoka juu, kwenye miteremko inayolimwa mpaka kingoni. Kwa hiyo vikundi vya vijiji na maofisa wa bonde wanahimiza jambo lile lile: acheni kingo, pandeni miti rafiki wa maji na matete, msilime vinyungu mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Sasa tupige hesabu. Mkulima ambaye shamba lake limepakana na mto kwa mita 100, sheria inamwambia aache mita za mraba 6,000. Hiyo ni karibu ekari moja na nusu. Kwa mwenye ekari mbili, umemwachia nini? Tena ni ile ekari yenye unyevu, inayompa mboga na mahindi mabichi kiangazi, wakati mlimani pamekauka.

Jibu tunalopenda kumpa ni "tunza mto, nao ukutunze." Ni maneno matamu, lakini si ya kweli yote. Faida kubwa ya kingo za Ileje inavunwa na mtu wa Kyela na wa Karonga, watu ambao huyu mkulima hatawaona maishani. Tukimdanganya kwamba anajifanyia mwenyewe, siku akigundua ataipanda tena mahindi ile ekari, na sitamlaumu.

Basi hana wajibu wowote? Hapana, anao. Anayejua kwamba jembe lake linamfukia mwenzake hawezi kujitetea kwamba hamfahamu. Utu haukomi kwenye mpaka wa kijiji, sembuse mpaka uliochorwa na wakoloni. Lakini wajibu wa kutomdhuru jirani ni kitu kimoja, na kubebeshwa peke yako gharama ya wema wa watu wote ni kitu kingine kabisa. Na hapo ndipo ninapogombana na sisi wa mjini.

Hapa Tunduma na Vwawa tunakula mchele wa Kyela na kuusifia harufu yake. Mpunga ule unategemea mabonde ya chini, pamoja na haya ya Songwe. Ina maana na sisi ni watu wa chini, hata kama tumekaa mlimani. Halafu tunakaa kibarazani tunasema wakulima wanaharibu mazingira. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na watumiaji wenye vibali hulipa ada. Naona haki ingeanzia hapo: sehemu ya ada irudi kwa aliyeacha ekari yake, iwe kwa miche ya matunda ya kupanda nje ya zile mita 60, majani ya ng'ombe, au hata fedha taslimu. Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde hili. Nayo iulizwe swali hilo hilo kabla ya kuongelea mabwawa na umeme.

Kuna watakaosema wema ukilipwa si wema tena. Mimi nadhani anayesema hivyo hajawahi kuombwa ekari moja na nusu.