Barabara Isiyo na Magari

Juzi nilitazama video ya Mwingereza akiendesha baiskeli kando ya mfereji. Hakuna gari, hakuna honi. Ni maji, bata na yeye. Vijia vile vilitengenezwa kwa ajili ya farasi waliovuta mashua za mizigo. Reli ikaja ikachukua biashara, farasi wakaondoka, njia ikabaki. "Huo ndio uhuru," akasema rafiki yangu wa Nairobi.

Nikacheka. Natoka Sangailu, kule Garissa, na barabara isiyo na magari sisi tunayo tayari. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unameza hadi lori. Halafu kuna miaka hii yote tangu jeshi letu livuke kuingia Somalia, Oktoba 2011: kabla dereva hajawasha gari, anawaza bomu la kutegwa. Jioni, upande wa msitu wa Boni, unasikia njiwa na kengele za ng'ombe, basi. Ukimya ni uleule wa kwenye video. Ila huku injini ikisikika mbali, watu wanatoka nje kuangalia: pengine ni dawa, pengine unga.

Mwingereza yule akichoka na utulivu wake, barabara kuu iko pale. Mama mwenye uchungu wa kuzaa Sangailu atauacha wake vipi?

Lakini nisidanganye. Nikiwa mdogo niliiba baiskeli ya abti, ile nyeusi yenye keria, yeye akiwa amelala mchana. Nilienda nayo hadi lamboni na kurudi, katikati ya barabara, mikono nimeiachia. Je, ule haukuwa uhuru, kwa kuwa tu sikujua? Sikuogopa kitu siku ile, isipokuwa abti kuamka.