Ardhi ni Shahidi

Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, ardhi ilipasuka kusini mwa Uturuki. Saa ya huko na ya Nairobi ni moja. Dakika saba na nusu baadaye mawimbi ya kwanza yalikuwa yameshafika chini ya Laini Saba, Kibera, zaidi ya kilomita 4,200 kutoka yalikoanzia. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, nami nimelala. Mashine yangu ilikuwa macho.

Mimi ni fundi wa redio na spika. Sismomita yangu, mashine ya kunasa mitetemo ya ardhi, nimeiunda kwa vitu vya kibandani: sumaku ya spika iliyoungua, waya mwembamba wa shaba, vyuma vya kitanda kikuukuu. Mkono wake, wenye uzito nchani, umening'inia kama lango ambalo nguzo yake imeinama kidogo. Ukiusukuma, unarudi mahali pake taratibu. Ardhi ikisogea, fremu yenye sumaku husogea nayo, mkono wenye koili ukachelewa, na katika kuchelewa huko umeme kidogo huzaliwa. Amplifaya huukuza, kompyuta huuandika. Garimoshi likipita Kibera mstari huchafuka, lakini fujo yake ni ya harakaharaka. Tetemeko kubwa la mbali huleta pia mawimbi marefu ya sekunde kama 20 kila moja, ambayo mguu wa binadamu hauyahisi.

Waliokufa Uturuki na Syria walizidi 50,000. Siku zile nilisikia mawaidha kwamba wameadhibiwa. Jirani mmoja akanijia kibandani: "Fundi, mashine yako inasemaje? Ni ghadhabu ya Mungu?"

Nikamwambia, mashine inajua saa na nguvu tu, haijui dhambi ya mtu. Lakini swali lake halikuniacha.

Sikatai kwamba Qur'ani inasimulia kaumu zilizoangamizwa kwa mtetemeko. Thamud walikuwa na Nabii Saleh, akawaonya, wakakaidi. Sababu ya kuangamia kwao tumeijua kwa wahyi. Baada ya Mtume Muhammad hakuna wahyi mwingine. Basi anayesema leo kwamba watoto wa mkoa wa Hatay kule Uturuki walikuwa wanaadhibiwa, habari hiyo ameletewa na nani? Kumsemea Mungu asichokisema ni jambo zito kuliko kukaa kimya.

Mimi huirudia Sura ya 99, Az-Zalzala. Inaeleza kwamba Siku ya Mwisho ardhi itatikiswa na kutoa habari zake, kisha kila mtu ataona alichotenda, kizuri na kibaya, hata kikiwa cha uzito wa chembe. Nikiisoma naona ardhi imepewa kazi ya ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa matendo yetu juu ya mgongo wake.

Tazama Erzin, mji wa mkoa huohuo wa Hatay. Majengo yake yalibaki yamesimama. Meya alisema hakuruhusu ujenzi haramu. Wataalamu wakaongeza kwamba hata udongo wake ulisaidia. Sasa tazama kwetu Huruma, Nairobi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka kando ya mto, likaua watu karibu 50. Hakukuwa na tetemeko. Kulikuwa na mvua, na jengo ambalo halikupaswa kuwa na wapangaji. Hapo chembe za uzito ule zilikuwa za ujenzi mbovu na makosa yaliyofumbiwa macho.

Na matetemeko si ya mbali tu: Subukia, katika Bonde la Ufa, ilitikiswa tarehe 6 Januari 1928 kwa kipimo cha 6.9, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, na bonde hilo bado linapanuka. Litakuja jingine. Kabla ya kuuliza ni nani aliyemkasirisha Mungu, wewe unayepanga chumba kwenye ghorofa mpya za Kawangware muulize mwenye nyumba ametia nondo kiasi gani kwenye nguzo. Hilo ni swali la dini pia.