Dhima ya Kile Tukitupacho

Wengi katika miji yetu ya pwani hudhani kuwa kitu kikishatupwa, dhima yake imekwisha. Twaona yatupasa kulipima jambo hili kwa mizani ya sharia.

Na tuchukue mfano wa chupa ya plastiki ya maji, igawiwayo kwenye futari, harusi na matanga. Asili yake ni mafuta yachimbwayo chini ya ardhi. Hupita viwandani, ambako nishati nyingi huteketezwa, kisha huchukuliwa kwa malori yatoayo moshi. Mnywaji humaliza haja yake kwa dakika chache. Mvua huisukuma mtaroni, na mtaro huishusha baharini. Huko haiozi kama kumbi la nazi, bali jua na mawimbi huivunjavunja ikawa chembe ndogo, nazo humezwa na samaki. Na ikichomwa, moshi wake humdhuru jirani.

Mtungi wa wazee wetu nao ulikuwa na gharama, kwani ulichomwa kwa kuni. Lakini mmoja ulinywesha nyumba nzima kwa miaka, na vigae vyake havikumdhuru samaki.

Mafakihi wametufunza kuwa mali huhama kwa mauzo au hiba, na yote mawili yataka mpokeaji aridhie. Basi chupa tuitupayo, ni nani aliyeikubali? Bahari haikukubali, wala mvuvi avuaye plastiki badala ya changu hakuulizwa. Na mtu akisema, "Mimi nimeiacha tu," twamjibu: kuacha milki si kuacha dhima ya madhara. Aliyechimba shimo katika njia ya watu hudaiwa aliyeanguka humo, ijapokuwa njia si yake. Na Bwana Mtume (S.A.W.) alihisabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi la imani, basi hali ya autiaye ni ipi?

Wako wasemao kuwa hayo ni ya serikali na wenye viwanda. Ni kweli wana fungu lao. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, ingawa chupa hazikuingia humo. Lakini fungu la mwenzio halikufutii lako.

Kunywesha maji ni sadaka kubwa. Atakaye thawabu zake na aweke msikitini tangi lenye bomba na vikombe vya kuoshwa, ili sadaka yake isifuatwe na udhia.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe, amin.