Kosa la Kukosa pa Kulala

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haitamki popote kwamba kulala barazani ni kosa. Kazi hiyo inafanywa na vifungu viwili visivyotaja usingizi hata kidogo. Kifungu cha 176 kinamgusa mtu mwenye nguvu zake asiyefanya shughuli ya uzalishaji na asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na pia anayekaa mahali pa watu kuomba sadaka. Cha 177 kinamgusa mshukiwa asiye na kipato na asiyeweza kujieleza akaeleweka, pamoja na yeyote anayekutwa akirandaranda barabarani au kando ya majengo, kwa saa na katika hali inayoonyesha ana nia mbaya. Adhabu ya hiki cha pili ni kifungo cha miezi mitatu kwa kosa la kwanza na mwaka mmoja likirudiwa. Aliyejinyoosha kwenye kibaraza cha duka saa nane za usiku anaingia humo bila kusukumwa, kwa sababu saa na mahali vyote vinamshitaki, na maelezo ya kumridhisha askari hana.

Chanzo cha vifungu hivyo kiko mbali. Mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, barabara za Uingereza zilijaa askari waliorudishwa nyumbani bila kazi na wakulima waliopoteza ardhi. Bunge la huko likatunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji, na maneno yake yakasafirishwa makoloni. Tanganyika iliyapata katika Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, na hii ya 1945 inayotumika hadi leo ikayarithi. Serikali ya kikoloni iliona Mwafrika yuko mjini kwa ajili ya mwajiri wake tu, na kazi ikiisha inambidi arudi alikotoka. Kwa hiyo mwaka 1944 ikatungwa sheria nyingine ya kuwaondoa mijini wale walioitwa watu wasiotakiwa.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inaijua historia hii kwa upande wake wa pili. Mwaka huohuo wa 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, chombo cha kukusanya vibarua. Wakati sheria moja inawafukuza watu Dar es Salaam, chombo hiki kilikuwa kinawasomba wengine kutoka Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji kwenda mashambani, Kimamba na Rudewa yakiwemo. Hao ndio manamba, watu waliotambulika kwa namba kabla ya majina. Mkataba ukiisha, wengine walirudi kwao na wengine walibaki. Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964 kwa tani zipatazo 230,000 nchi nzima, kisha bei ikaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na kufika miaka ya 1990 uzalishaji haukuwa hata moja ya tano ya huo. Mashamba yalipokufa, kambi zilibaki na watu wake, wengi wakiwa watoto na wajukuu wa waliokuja kwa mkataba.

Uhuru haukuvifuta vifungu hivyo. Ulivipa sababu mpya, nayo ilikuwa nzuri kuliko ya mkoloni. Katika nchi inayojenga Ujamaa, asiyefanya kazi aliitwa kupe, na Katiba ya mwaka 1977 inaifanya kazi kuwa wajibu wa kila mtu, si haki peke yake. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi, na misako ikaanza Dar es Salaam mwezi Oktoba. Waliokamatwa waliamriwa kurudi vijijini au kwenda mashambani kulima. Katika kapu hilo waliingia wachuuzi, mafundi wa mitaani na hata wafanyakazi waliosahau vitambulisho nyumbani. Wengi wa waliosombwa walirudi mjini baada ya muda mfupi, na kampeni ikapoa mwaka uliofuata, mwaka ambao Sokoine mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, jirani kabisa na Kilosa. Nia ya Nguvukazi haikuwa mbaya. Kasoro yake ilikuwa kudhani kwamba mtu akiondolewa mahali anapoonekana, tatizo lake nalo limeondoka.

Dhana hiyo ingali hai, na haiishi serikalini tu. Ukisikiliza mazungumzo ya vijiweni, kwenye daladala, hata barazani baada ya swala, wanaounga mkono kukamatwa kwa wanaolala nje hawasemi kwa chuki. Hoja zao ni tatu hivi, na kila moja inastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni usalama. Dar es Salaam ilitikiswa na makundi ya Panya Road mwanzoni mwa 2015, na tena Septemba 2022; mtu aliyevunjiwa mlango usiku hana muda wa kuchambua nani kalala na nani kajificha. Lakini Panya Road waliogopwa kwa mapanga. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungu chake, cha 287A, chenye adhabu isiyopungua miaka thelathini. Wizi una chake, na kuvunja nyumba kuna chake. Kifungu cha uzururaji kinahitajika pale tu ambapo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichovunjwa, yaani pale ambapo aliyekamatwa hajamfanyia mtu lolote.

Ya pili ni uvivu, na hapa methali huletwa haraka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri, ila inatajwa nusunusu. Kabla ya jembe zipo siku mbili za kulala ndani na kula, na siku ya tatu mwenyeji ndiye anayelitoa jembe. Sheria ya uzururaji haimpi mtu siku hizo mbili wala jembe.

Ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo ya Kitanzania hasa: kila mtu ana kwao. Kwa imani hii, anayelala nje amekataa mwenyewe kurudi kijijini, ambako hakosi mjomba, shamba wala kibanda. Kwa wengi ni kweli, na nchi inapaswa kushukuru kwamba ukoo umebeba mzigo ambao kwingine umeishinda serikali. Ila ukoo nao una mipaka. Mjukuu wa manamba aliyezaliwa kambini Kimamba, na babu yake aliyekufa akiwa hajui njia ya kurudi Urundi, kwao ni wapi? Mjane aliyetolewa nyumbani na shemeji zake baada ya arobaini, kwao ni wapi? Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963, kwa makabila linayoyahusu, halimpi mjane urithi wa mumewe. Anaachwa chini ya uangalizi wa watoto wake, akiwa nao. Anayemwambia mtu kama huyo arudi kwao anamtuma mahali ambapo ameshafukuzwa.

Wanaotetea misako wilayani Kilosa huwa hawaangalii jambo moja lililotokea mlangoni kwao. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulifurika, tuta la kuuzuia likabomoka, na maji yakauvamia mji wa Kilosa, kata ya Magomeni ikiwemo. Zaidi ya watu 20,000 waliathirika katika wilaya hiyo, na reli ya kati ikakatika kwa miezi. Watu walilala madarasani, kandokando ya barabara, kisha kwenye mahema, na baadhi waliendelea kuishi kwenye mahema kwa miaka. Kwa tafsiri kavu ya kifungu cha 176, wengi wao walikuwa na nguvu zao, hawana shughuli na hawana kipato kinachoonekana. Hakuna askari aliyefikiria kuwafungulia mashitaka, na aliyefikiria angezomewa mji mzima. Waliandikishwa, wakapewa mahema na chakula, na wengine baadaye viwanja.

Umma basi hauna tatizo na mtu kulala nje. Abiria wa treni analala stesheni juu ya mizigo yake na watu wanamruka kwa adabu. Kabla ya serikali kuruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, abiria waliokwamia njiani walilala ndani ya mabasi au kwenye sakafu za vituo hadi kupambazuke, na polisi waliwalinda. Wa mafuriko, wa treni na wa basi wana kitu kimoja ambacho yule wa barazani hana: sababu ambayo kila mtu anaijua bila kuambiwa. Huyu mwingine sababu yake ni ndefu, labda ni ugonjwa wa akili, talaka, pombe, shamba lililouzwa na kaka, au vyote kwa pamoja, na saa nane za usiku hakuna wa kuisikiliza. Anachoadhibiwa kwa kweli ni kukosa shahidi.

Tena si kweli kwamba anaishi ovyo. Wanaolala nje kwenye miji ya reli na njia kuu wana taratibu zao. Halali mtu mpaka mwenye duka afunge makufuli na muuza chipsi azime jiko. Boksi lililokunjuliwa ndilo godoro, kiroba cha mbolea kilichopasuliwa ndilo shuka. Viatu huwekwa chini ya kichwa, maana vikiachwa miguuni asubuhi havipo. Mlinzi wa duka anamfahamu, na mara nyingi anamtegemea, kwa kuwa macho mawili ya ziada si haba kwa mwenye rungu na tochi tu. Kabla mama ntilie hajapuliza moto wa uji, boksi limeshakunjwa na kuchomekwa juu ya paa la kibanda. Wateja wa asubuhi hukuta baraza imefagiwa, na aliyeifagia ni yeye.

Akikamatwa, dhamana ndiyo inayomuumiza zaidi. Kosa lenyewe ni dogo na lina dhamana, lakini dhamana inataka wadhamini wenye vitambulisho na barua za utambulisho za serikali za mitaa au vijiji vyao. Kitambulisho cha Taifa nacho hupatikana kwa fomu inayopita kwa mtendaji wa mahali mtu anapoishi, naye mlala nje hana mtendaji anayemtambua. Basi mwenye kosa dogo anakaa mahabusu kwa muda ambao mwenye nyumba na ndugu asingekaa, analishwa na serikali, kisha anatoka na kurudi palepale. (Kwa siku hizo serikali imempa kitanda na chakula, kwa gharama kubwa kuliko ya kumpa bila pingu.)

Sheria yenyewe inajipinga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto asiye na makazi, au anayeombaomba, kuwa anahitaji matunzo na ulinzi, na inamkabidhi afisa ustawi wa jamii. Kijana aliyelala stesheni akiwa na miaka kumi na saba anastahili kusaidiwa. Akitimiza kumi na nane, kwa usingizi uleule juu ya benchi lilelile, anakuwa mshukiwa.

Mahakama za Afrika zimeliona hilo. Nchini Malawi, Mayeso Gwanda alikamatwa mwaka 2015 alfajiri akienda kuuza mifuko ya plastiki, na Januari 2017 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu kilichotumika dhidi yake. Kenya ilikuwa imefuta sheria yake ya uzururaji tangu 1997, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuata kwa vifungu vya namna hiyo Desemba 2022. Lililo karibu zaidi na Kilosa lilitokea Arusha: tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikijibu ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ilitoa ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha katika muda unaofaa. Ushauri haufungi kama hukumu, lakini umetolewa kwenye ardhi ya Tanzania.

Kwingine upepo unavuma kinyume. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje hata pale ambapo hakuna makazi ya kuwapeleka. Faini iliyobishaniwa katika kesi hiyo ilianzia dola 295. Wapo watakaosema: kama Marekani imeshindwa, Kilosa itaweza? Jibu ni kwamba wingi wa walala nje katika miji ya Marekani umezaliwa na bei za nyumba, na faini ya dola 295 kwa asiye na dola moja haijamjengea mtu chumba.

Kilosa ina vyombo vya kufanyia kazi bila kusubiri Bunge. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Morogoro mjini yapo makazi ya wazee na wasiojiweza ya Fungafunga, yanayoendeshwa na serikali. Mtendaji wa kata anaweza kumwandikia barua ya utambulisho mtu anayejulikana na walinzi watatu wa maduka, hata kama hana nyumba, na barua hiyo peke yake ikatosha kumfungulia njia ya kitambulisho na dhamana. Askari wa doria naye ana hiari pana: kifungu cha 177 hakimlazimishi kukamata. Anayemkuta mtu amelala anaweza kumuuliza jina na alikotoka, akaandika, na asubuhi akapeleka karatasi ustawi wa jamii badala ya kumpeleka mtu mahabusu. Bungeni kinachosubiriwa ni marekebisho ya kufuta vifungu hivyo viwili. Makosa yote wanayoogopa wananchi yatabaki yameandikwa kwenye vifungu vingine vya Sura ileile ya 16.