Dunia Ilipona: Je, Yatosha?

Wako watu wanenao hivi: "Joto la dunia si jambo jipya. Zamani za kale dunia ilipata joto kuu, ikapona. Basi twahangaikia nini?" Neno hili lina ukweli ndani yake, kwa hiyo yafaa tulipime.

Katika jimbo la Wyoming, nchi ya Marekani, liko bonde pana liitwalo Bighorn. Huko mvua na upepo vimekula vilima hata matabaka ya udongo wa kale yaonekana wazi, mekundu na ya kijivu, yamelaliana kama kurasa za kitabu. Mwaka 1992 wataalamu Paul Koch, James Zachos na Philip Gingerich walieleza waliyoyaona humo katika vinundu vya chokaa na meno ya wanyama: alama ya hewa ya ukaa iliyomiminika angani, ile ile iliyoonekana chini ya bahari. Jambo hilo lilitukia yapata miaka milioni 56 iliyopita, na joto la dunia likapanda digrii 5 hadi 8 za sentigredi.

Alama za majani zilizobaki katika mawe nazo zashuhudia. Miti ya kwanza ilitoweka bondeni, ikaja mimea ya jamii ya kunde ipendayo joto, na wadudu wakatoboa majani kuliko kabla yake. Farasi wa siku zile, mdogo kama paka, alipungua mwili karibu theluthi. Kisha joto likashuka, miti ya kwanza ikarudi, na farasi akakua tena.

Basi ni kweli, dunia ilipona. Lakini kupona huko kulichukua zaidi ya miaka 100,000. Mzee apandaye mwembe hutumaini mjukuu wake atakula. Ni nani awezaye kumwambia mjukuu huyo angoje miaka elfu mia? Tena wakati ule hapakuwa na mtu wa kulima wala wa kulia njaa. Nasi wanadamu wa leo, kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, twaimwaga hewa hiyo upesi karibu mara kumi kuliko ilivyomwagika wakati ule.

Twazijua habari za Nuhu. Maji yalikauka, na nchi ikachipua tena. Lakini waliozama hawakurudi. Kupona kwa nchi hakukuwa kupona kwao.

Labda msomaji atasema, "Viwanda vingi vi katika nchi nyingine, sisi tuna hatia gani?" Wachomao zaidi wana deni kubwa zaidi, na yapasa waambiwe hivyo. Lakini neno lile, "dunia itapona," tusilikubali kinywani mwao wala mwetu. Jeraha likipona, ni rehema ya Muumba. Aliyelitia hapati haki kwa kupona kwake.