Ini halilalamiki, je, hiyo ni ruhusa?

Kuna hoja husikika sana sokoni: "Mbona watu wamekula na hakuna aliyekufa?" Husemwa na mfanyabiashara aliyechanganya mahindi yenye ukungu na yaliyo safi, akayapeleka mashineni. Ndugu msomaji, hebu tuipime hoja hiyo kwa kulitazama ini, maana ndilo linalobeba gharama.

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Damu itokayo tumboni na kwenye utumbo hupitia humo kwanza. Amonia, sumu itokanayo na protini tunazokula, hugeuzwa humo kuwa urea, kisha figo huitoa kwa mkojo. Mabaki ya chembechembe nyekundu za damu zilizochakaa hutiwa kwenye nyongo yakatoka kwa choo. Hata aliyefunga, sukari inayomshikilia mchana hadi futari hutoka kwa sehemu kubwa katika akiba ya ini. Yote haya hufanyika bila mwenye mwili kuhisi chochote, na hapo ndipo mtu hupata mwanya wa kudhulumu.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu ule, haimalizwi na moto wa jikoni. Ikifika kwenye ini, ini hujaribu kuibadilisha ili itoke, na katika kuibadilisha huzaa kitu kikali zaidi kinachoharibu vinasaba vya ini lenyewe. Ikiingia nyingi kwa mara moja, huua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 kati yao wakafariki. Ikiingia kidogo kidogo huweza kuleta saratani ya ini miaka mingi baadaye, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Siku hiyo nani atalikumbuka duka?

Basi "hakuna aliyekufa" maana yake ni kwamba hakuna aliyeonekana akifa. Anayechomoa noti moja kwenye bunda la tajiri asigundulike, bado ni mwizi.

Mkulima aliyenyeshewa mavuno yake, hana turubai wala ghala, ana udhuru wake, na hapo serikali nayo ina la kujibu. Lakini yule aliyeuona ukungu kwa macho yake, akatenga gunia la kuuza na gunia la kupeleka nyumbani kwake, swali letu ameshalijibu mwenyewe.