Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, na kwenye mtihani ukiulizwa maana yake ulijibu upesi: mgeni asikae bure bila kufanya kazi. Unapata alama zako mbili, unaendelea na swali linalofuata. Lakini ndugu msomaji, hebu tujiulize kidogo. Je, mtu anayehama kila siku? Leo kalala kwa huyu, kesho kwa yule, keshokutwa yuko kilima cha pili. Katika kila nyumba yeye ni mgeni wa siku ya kwanza. Jembe halimpati kamwe. Huyo naye tumwiteje?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Limenikuta mezani, mbele ya ramani, uzi na kalamu ya risasi, nikipanga safari ya miguu ya siku 7.

Mpango wenyewe ni huu. Mimi na rafiki yangu tunatoka hapa Babati mjini na mabegi mgongoni, tunaelekea Dareda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Tunapanda ule ukingo mpaka Bashnet, kwenye baridi. Kutoka hapo tunashika njia ya Dongobesh, halafu Mbulu, kisha tunateremka kwa upande wa Magara, tunavuka daraja, tunapita kwenye mpunga wa Magugu na kurudi nyumbani. Duara kamili. Ukilichora kwenye ramani linapendeza kama kisahani cha chai. Mwenzangu alitaka tulivute mpaka Katesh tupande Hanang, mita 3,417. Nilikataa. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima ule, yakaua watu zaidi ya 80, na mimi sioni kwamba ni adabu kwenda kusimama pale na begi, nikishangaa. Yeye anasema mlima ni mlima. Haya.

Mambo ya mzigo yalikwisha jioni moja. Unga kilo 5 kila mtu, dagaa, chumvi, sufuria dogo, kiberiti kwenye mfuko wa nailoni, shuka, sweta, turubai la kujengea kibanda usiku, tochi, dawa ya kutakasa maji. Maharage tumeyaacha kwa sababu yanakula kuni kuliko sisi tutakavyoyala. Tulipima kwenye mizani ya dukani: kilo 13 kila begi. Kilo 13 siyo mchezo kwenye ukingo wa Dareda, lakini kijana anaweza.

Kilichobaki ni viatu. Nikamwendea mzee mmoja fundi viatu anayekaa karibu na stendi, anayekata katambuga za tairi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnakwenda wapi na vilima vyote hivyo?"

Nikamweleza duara letu, kituo kwa kituo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Sasa mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, mzee. Tunazunguka tu, halafu tunarudi."

"Mnazunguka." Akalirudia lile neno kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. "Basi sikiliza. Kila kilima utaulizwa hivyo hivyo. Tafuta jibu kwanza, viatu baadaye."

Kwa nini swali hilo ni zito? Kwa sababu huku kwetu kutembea kuna sababu. Mama anateremka na debe kichwani kwenda mnadani. Mtoto anakwenda shule. Mgonjwa anapelekwa hospitali ya Dareda. Njia zote zile za miguu ambazo mimi nataka kuzifaidi zimechongwa na watu wenye shida zao. Hata watembeaji wakubwa walikuwa na neno la kusema. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na aliyemwona akipita alijua anakwenda wapi na kwa ajili gani. Mimi nikiulizwa nitasema nini? Kwamba nilichoka kukaa kijiweni?

Zamani kulikuwa na dawa ya jambo hili, nayo iliitwa hongo. Msafara ukitaka kupita nchi ya mtawala fulani ulitoa nguo, shanga, waya wa shaba, ndipo ukapata njia na maji. Leo neno hilo limeoza, ukilitamka watu wanafikiria rushwa. Lakini ndani yake kulikuwa na wazo ambalo nalipenda: kupita katika nchi ya watu ni jambo, wala halitoki bure. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria, alipita Umbugwe akapanda mpaka nchi ya Wairaqw. Wazungu wa namna yake tunawasoma kama wasafiri, ila mzigo ulikuwa kwenye mabega ya wapagazi, na kilo 30 kwa mtu mmoja lilikuwa jambo la kawaida. Sisi angalau tunabeba wenyewe. Hilo najipa.

Halafu kuna zile nyumba. Wairaqw wa zamani, kule Mama Isara, kwenye vilima vya Kainam walikoanzia kabla ya kuenea, walichimba nyumba zao kwenye ubavu wa mlima na kuziezeka kwa udongo, mpaka mtu akiwa mbali haoni kitu ila mteremko wenye majani. Walikuwa wakijificha wasivamiwe na Wamaasai. Fikiri, ndugu msomaji: watu walifikia kujenga nyumba ili mpita njia asijue kama kuna nyumba. Kila nikiitazama ramani yangu yenye kisahani nakumbuka jambo hilo. Aliyejificha hakumchukia mgeni. Hakujua tu anayekuja anakuja kwa nini.

Mwenzangu ana jibu lake, na ni jibu la watalii: beba kila kitu chako, usichukue chochote, usiache chochote isipokuwa nyayo. Jibu safi sana. Ndani ya msitu wa Nou nakubaliana nalo kwa asilimia mia. Ila vilima hivi havikai miti peke yake. Ukifika uani kwa watu jua linazama, mvua inanyesha, ukasema asante mama, tuna turubai letu na unga wetu, tutajilaza pale kwenye mgomba, umefanya nini? Umemwambia nyumba yake haikutoshi. Kesho kitongoji kizima watasema kuna vijana wawili walikataa kuingia ndani, na mwenyekiti atakuja kuuliza vitambulisho, na atakuwa na haki. Kujitegemea tulikofundishwa hakukuwa na maana ya kumfungia mwenzio mlango yeye akiwa nyumbani kwake!

Basi tuingie, tulale, tule. Asubuhi tuondoke. Na jioni kwingine tena tuingie, tulale, tule. Hapo sasa Kiswahili kina neno lake, halihitaji falsafa: mdoezi. Na yule aliyefuata kanuni ya kutoacha kitu isipokuwa nyayo, akishakula kuku wa watu, ndiye mdoezi namba moja, kwa sababu kweli hakuacha kitu.

Kuna watakaosema toa hela. Gesti utatoa, sina ubishi. Dongobesh na Mbulu utalipa kitanda na mambo yamekwisha. Ila mama aliyekupisha mtoto wake alale chini ukimtolea noti asubuhi, unakuwa umemgeuza mwenye gesti bila kumuuliza. Wengine wataipokea na kuihitaji. Wengine itawauma. Na wewe uliyelala usiku mmoja huwezi kujua huyu ni yupi. Ili ujue unahitaji kukaa.

Na hapa nasema na wenzangu hasa, sisi tunaojaza madaftari usiku tukiota kuona riwaya zetu zimechapwa. Tusidanganyane, kwenye begi langu kuna daftari. Unga ni kisingizio tu. Nakwenda kwa sababu nataka vilima, sauti, majina ya vitu, yule mzee atakayesema jambo ambalo sitalipata stendi ya Babati. Nakwenda kuchuma. Sasa siku ya kwanza mgeni huambiwa nini? Huambiwa yanayofaa kwa mgeni. Mvua ilikuwa nzuri, watoto wanasoma, karibu, ongeza mboga. Mwenye nyumba anavaa shati lake la kanisani na habari zake anazivisha hivyo hivyo. Ugomvi wa mpaka wa shamba, mtoto aliyekwenda mjini akanyamaza, deni la mbolea, hayo husemwa shambani, watu wakiwa wameinama, hawatazamani usoni. Anayepata kuyasikia ni yule aliyepewa jembe. Kwa hiyo mwandishi anayezunguka kwa usiku mmoja mmoja anadoea mara mbili, chakula na maneno, na maneno yenyewe aliyoyadoea ni ya juu juu. Nimesoma hadithi nyingi za vijijini zilizoandikwa namna hiyo. Unazijua. Kila bibi ndani yake ana hekima.

Jambo la majira nalo limenisumbua kuliko nilivyotegemea. Mwenzangu anataka Februari, vilima vikiwa kijani na vijito vimejaa. Ni kweli ni wakati mzuri kwa macho. Lakini Februari na Machi ndipo magunia ya mwaka jana yanapoelekea kwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Kuleta matumbo mawili ya vijana wenye njaa ya kilo 13 katika nyumba wakati huo, hata ukiwa na unga wako, ni kumtia mwenye nyumba aibu. Mimi nasema Agosti. Baridi kule juu itatukoma, maji tutayatafuta, ila chakula kitakuwa ndani, na jembe la Agosti ni gunia la mahindi ya kupukuchua au maharage ya kupiga. Kazi ambayo hata mtoto wa mjini haiharibu.

Kwa hesabu hiyo duara limepungua. Nimechukua kifutio nikafuta Dongobesh, Mbulu, Magara na Magugu. Siku ya kwanza Dareda, ya pili tunapanda Bashnet, tunakaa usiku 4, halafu tunashuka ukingo kwa njia nyingine ya miguu watakayotuonyesha wenyewe. Kisahani kimekuwa kama jicho la sindano. Mwenzangu amekasirika. Anasema hiyo siyo safari, ni kwenda kusalimia, na kwamba mtu akianza kuuliza haki ya kila hatua atazeekea Babati. Sina uhakika kama amekosea. Wapo waliozunguka dunia bila kumuuliza mtu, na vitabu vyao tunavisoma, na tunavipenda.

Juzi nilirudi kwa mzee fundi kuchukua katambuga zangu. Nikamwambia tutaishia Bashnet. Akachomoa jozi nyingine chini ya kiti, pana, ya mtu mzima, akaifunga kwa kamba ya mpira.

"Hizi za shemeji yangu. Ukifika sokoni Bashnet ulizia kwa dada yangu, utaonyeshwa. Mwambie nimesema magunia yasibaki."

Mwenzangu anacheka, anasema sasa tumepata tiketi. Inawezekana. Jozi ile ina uzito wa kilo moja na kidogo, na imebidi nipunguze dagaa.